Kabla Printa Haijaingia Chumbani: Nani Alikuwa Anazisoma Karatasi Zako Handeni na Korogwe?

Leo tunaanza na ukweli ambao kila mtu anaujua ila hakuna anayeusema. Kama unaishi Chanika pale Handeni, au Manundu kule Korogwe, kuna mtu mmoja ambaye si ndugu yako, si shehe wako wala mchungaji wako, lakini barua zako zote anazijua. Anajua umeomba kazi wapi na umekosa mara ngapi. Anajua matokeo yako ya kidato cha nne, somo kwa somo, mpaka ile F ya hesabu uliyoificha nyumbani. Anajua mkopo ulioomba benki ni wa shilingi ngapi, na kama kuna kesi ya talaka basi hata majina ya mashahidi anayo.

Huyo mtu ni wa steshenari.

Unampa flashi au unamrushia faili kwa WhatsApp, anafungua, anachapa, unalipa jero yako, unasepa. Faili linabaki. Limekaa pale kwenye skrini ya kompyuta yake, limeandikwa jina lako kamili na neno BARUA MPYA MPYA 2. Mteja anayefuata anavuta stuli, anasubiri yake ifunguke, macho yanatembea. Sijasema wa steshenari ni wabaya. Wengi ni watu poa sana na wametuokoa saa tano usiku dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Lakini faili halina siri likishakaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kuna dada mmoja, simtaji na wala msinilazimishe, alichapisha barua ya kuacha kazi Ijumaa jioni. Jumatatu anafika ofisini na bahasha kwenye mkoba, anamkuta bosi wake kasimama mlangoni keshajua. Hakuna aliyeiba kitu. Mtu aliona tu kwenye skrini, akamwambia mtu, huyo naye akamwambia mtu. Mji wenyewe ndio huu tunaoujua, habari inatoka stendi inafika Kideleko kabla bodaboda haijawashwa.

Ndiyo maana siku hizi vijana wengi huku wanapambana kununua printa ya nyumbani, na inboksi yangu imejaa swali moja, "naifungaje hii kitu kwenye laptopu?" Nitawajibu. Ila kwanza nataka niwape historia, maana mimi nilipoanza kuchimba nikagundua huu mkoa wetu wa Tanga una stori ndefu sana ya mashine za kuchapa, na karibu stori yote ina swali lilelile: nani amesimama kati yako na karatasi yako?

Twende nyuma. Kabla ya mashine yoyote, watu wa pwani walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono, kwa karne nyingi tu. Anayesema tulifundishwa kuandika na wakoloni mwambie akae chini. Ila kilichoandikwa kwa mkono kinatoka nakala moja, na ukitaka ya pili inabidi mtu akae aandike tena.

Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA, yaani wale Waanglikana wa vyuo vikuu vya Uingereza, wakahamishia makao yao Zanzibar. Mmoja wao alikuwa Edward Steere, baadaye akawa askofu. Huyu mzee kazi ya uchapaji aliijua, na mashine ikafungwa Zanzibar. Sasa sikiliza nani waliishika. Ni vijana waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtoto aliyekuwa amehesabiwa kama mzigo, miaka michache baadaye amesimama mbele ya kisanduku cha herufi za risasi, anachagua moja moja kwa vidole, anazipanga kinyumenyume kama unavyosoma maandishi kwenye kioo, anazifunga kwenye fremu, anapaka wino, anakandamiza karatasi. Akikosea herufi moja, neno limekufa. Ukurasa mmoja ni kazi ya masaa.

Leo tukilalamika eti printa inachelewa sekunde kumi, wale vijana wangetucheka mpaka wakae.

Kiswahili cha kuchapwa kwa herufi hizi tunazotumia kuchatia, sehemu kubwa ya mwanzo wake ilipita kwenye vidole vya vijana wale. Ukifungua vitabu vya zamani vya misheni, jina la Steere liko juu kabisa. Waliopanga herufi, wengi wao, hawapo hata pembeni.

Mwaka 1888 hapohapo Zanzibar, kwenye shule ya Kiungani, likatoka gazeti la Kiswahili linaitwa Msimulizi. Miaka michache mbele, katikati ya miaka ya 1890, UMCA wakawa na gazeti lingine, Habari za Mwezi, na hili lilitoka Magila. Magila ni Muheza hapo, wadau. Yaani ukitoka Korogwe kwenda Tanga ukapita Segera na Hale, hujachoka hata kukaa kwenye Noah, umefika. Misheni hiyohiyo ilikuwa na vituo Korogwe na pia Kideleko. Kwa hiyo wazee wetu huku gazeti walilijua mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Ila mlango ulikuwa mmoja tu. Padri akikataa habari yako, habari yako haipo duniani.

Wajerumani nao wakaja na mashine yao. Walifungua shule ya serikali Tanga mjini miaka ya 1890, na wanafunzi pale walifundishwa mpaka kazi ya uchapaji. Kuanzia karibu 1904 ikatoka Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililoendelea mpaka vita ya kwanza ya dunia ilipowafuata Wajerumani huku kwetu, 1916. Waliokuwa wanaliandikia ni walimu na makarani wa Kiafrika waliosoma palepale halafu wakasambazwa vituo vya ndani. Mwalimu anakaa kituoni kwake, anaandika kuhusu mvua, njaa, simba, safari ya bwana mkubwa, anatuma Tanga. Reli ilikuwa imeshafika Korogwe tangu 1902, kwa hiyo Korogwe ilikuwa na treni. Handeni mjini reli haikupita, na haijapita mpaka leo, tumezoea. Mlango wa Kiongozi nao ukawa mmoja, wa serikali. Unaweza kuandika habari za simba aliyekula mbuzi, lakini kodi na viboko usitegemee sana.

Waingereza walipochukua nchi, mchezo ukabaki uleule kwa sura nyingine. Mwaka 1923 serikali yao ikaanzisha Mambo Leo, gazeti zuri kweli kwa lugha, ila la serikali. Mpaka 1937 ndipo Erica Fiah, jamaa mwenye asili ya Uganda aliyekuwa na duka lake Dar es Salaam, akatoa Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Hesabu mwenyewe miaka tangu Msimulizi. Karibu hamsini.

Hapo katikati ndipo inaingia mashine ambayo mimi binafsi naiona ndiyo mama mzazi wa printa ya chumbani. Inaitwa saiklostaili. Waliosoma shule za kitambo wanaijua, mitihani ya majaribio ilikuwa inatoka kwenye hiyo kitu, karatasi inanuka wino na ukishika unachafuka. Unachukua karatasi ya stensili iliyopakwa nta, unaingiza kwenye mashine ya taipu, unaondoa utepe wa wino ili herufi zipige zenyewe na kutoboa ile nta. Ukikosea unapaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unapiga tena. Halafu stensili inafungwa kwenye pipa lenye wino, unazungusha mkono, zinatoka nakala moja baada ya nyingine. Haihitaji umeme wala kiwanda. Chumba kimoja na mtu mmoja mwenye mkono wenye nguvu vinatosha.

Na hapo ndipo moto ulipowaka. Miaka ya 1950 TANU walikuwa na kijarida chao, Sauti ya TANU, kilichotolewa kwa saiklostaili hizohizo. Mwaka 1958 Nyerere aliandika humo akiwashutumu maDC wawili wa kikoloni. Akashitakiwa kwa kashfa, akatiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa. Fikiria serikali nzima ya kikoloni, yenye magazeti, redio na polisi, inasumbuliwa na kijarida cha mashine ya kuzungusha kwa mkono. Jina la Nyerere tunalo. Aliyetaipu ile stensili, aliyezungusha lile pipa usiku, aliyebeba nakala kwenye basi akizifunga na vitenge, hao historia imewapita.

Baada ya uhuru ungedhani milango imefunguka. Haikwenda hivyo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa, si kitu cha kuweka mezani. Mradi wa kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta ukaja kuharibika vibaya, hela zikaliwa na mashine, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalum. Msishangae, televisheni yenyewe Tanzania Bara tumeiona miaka ya 1990. Ile marufuku ilikuja kulegea taratibu, lakini ilikuwa imeshatuacha na kitu kimoja kikubwa: mashine ya taipu iliishi kwetu muda mrefu sana kuliko ilivyotakiwa.

Kwa hiyo kwa miaka mingi, ukitaka karatasi rasmi Handeni au Korogwe, ulikuwa unaenda kwa taipisti. Mama mmoja, mara nyingi alikuwa mama, amekaa ofisi ya wilaya au nje ya mahakama, miwani puani, vidole vinaruka. Unamsimulia tatizo lako la shamba kwa mdomo, yeye analigeuza kuwa barua yenye "Yah:" na mstari chini. Barua ikitoka hujui kama ni yako au yake, lakini imenyooka. Hawa ndio mabibi wa watu wa steshenari. Siri za wilaya nzima zilikaa vichwani mwao, na tofauti na kompyuta, kichwa cha mtu kinaweza kuamua kunyamaza. Mimi nadhani wengi walinyamaza. Tungekuwa tunajua mengi sana kama wasingenyamaza.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana hiyo printa uliyonunua haikutoka Tanga.

Kampuni ya Epson ilizaliwa kwenye saa. Kundi la Seiko la Japani lilipewa kazi ya kupima muda kwenye Olimpiki za Tokyo 1964, wakatengeneza kifaa cha kuchapa muda wa wanariadha papo hapo. Mwaka 1968 wakauza printa ndogo inaitwa EP-101, ikapendwa sana. Mwaka 1975 wakatafuta jina la bidhaa zao mpya, wakachukua hizo herufi EP wakaongeza "son", yaani mtoto wa printa. Kumbe tunasema jina la ukoo bila kujua.

Canon nao, mwaka 1977, mtafiti wao aliweka kwa bahati mbaya chuma cha kuchomelea chenye moto karibu na bomba la sindano lenye wino. Sindano ikapata joto, wino ukaruka. Mtu mwingine angefuta meza akaendelea na kazi. Yeye akakaa anaangalia. Printa nyingi za wino zinazochemsha tone dogo mpaka liruke kwenye karatasi zinatokana na wazo hilo, na HP nao kule Marekani walikuwa wanalifikiria kivyao miaka hiyohiyo. Mwaka 1984 HP wakatoa ThinkJet, ya kuweka mezani. Uchawi ule ukaanza kushuka bei.

Lakini wakubwa hawa walikuwa na ujanja. Printa wanakuuzia bei ya kutupa, halafu katriji ya wino bei inakaribia printa yenyewe. Ukimaliza wino, umekwisha. Kwa mtu wa Korogwe huo ni utani mbaya. Ndiyo maana watu huku walianza kujaza katriji kwa bomba la sindano la duka la dawa, mikono myeusi kama fundi gereji. Na hatukuwa peke yetu. Kule Indonesia vijana walikwenda mbali zaidi, walitoboa printa, wakapitisha vimrija, wakaning'iniza chupa za wino pembeni kama mgonjwa wa dripu. Ilienea mpaka kampuni yenyewe ikaona haina ujanja. Mwaka 2010 Epson wakaanza kuuza printa zenye tangi la wino kutoka kiwandani, na walianzia Indonesia hukohuko. Zile L za tangi unazoziona leo karibu kila steshenari kuanzia stendi ya Korogwe mpaka Mkata, mzazi wake ni fundi wa mtaani wa Indonesia ambaye jina lake hatulijui. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye stori nzima.

Haya, boksi limefika nyumbani. Twende kazi.

Toa kila utepe wa rangi, nje na ndani. Fungua kifuniko uangalie na kule ndani kabisa, kuna kipande kinashikilia kichwa kisitembee njiani. Weka printa mahali pamesawazika, usiiweke juu ya kitanda, wino ni maji. Jaza tangi kila rangi mahali pake, soma rangi iliyoandikwa kwenye chupa, usikimbie. Ukiiwasha itaanza kunguruma na kuvuta wino kwenye mirija, inaweza kuchukua kama dakika 20. Usiizime. Na usipaniki ukiona wino umepungua sana baada ya hapo, haijavuja. Mirija ilikuwa mitupu, imejazwa kwa mara ya kwanza.

Waya wa USB usiuchomeke bado. Hapa ndipo watu wengi wanakwama, na sababu yake ni draiva.

Draiva ni mkalimani. Pale soko la Manundu Mzigua na Msambaa wakiongea kila mtu lugha yake wanasikilizana nusu na nusu, biashara inaenda. Kompyuta na printa hazina hiyo bahati, bila mkalimani ni kimya au ni karatasi mia zenye alama za ajabu. Printa nyingi zinakuja na CD yenye huyo mkalimani, na laptopu yako ya siku hizi haina hata pa kuingiza CD. Kwa hiyo unaingia tovuti ya kampuni yenyewe, si tovuti ya kuungaunga, unaandika namba kamili ya printa iliyobandikwa mbele, unachagua aina yako ya Windows, unapakua. Ni bando kubwa kiasi, hivyo kama una kifurushi cha usiku subiri usiku. Ukianza kusakinisha, programu itafika mahali ikuambie "sasa chomeka waya". Hapo ndipo uchomeke. Ukiuchomeka mapema, Windows inaweza kujitafutia mkalimani wake yenyewe, printa inachapa lakini skana haifanyi kazi, unaanza kulaumu duka.

Na huyu mkalimani ana historia yake, isikilize kidogo. Karibu 1980, kwenye maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, walipewa printa ya leza ya Xerox. Ikawa inakwama karatasi. Kijana mmoja pale, Richard Stallman, alitaka kuongeza kitu kidogo kwenye programu yake ili iwatumie watu ujumbe ikikwama. Akaomba aoneshwe ile programu ilivyoandikwa. Akanyimwa. Mtu aliyekuwa nayo alikuwa ameahidi kutomwonesha mtu yeyote. Stallman alikasirika kiasi kwamba mwaka 1983 akatangaza mradi wa kuandika programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha. Harakati nzima ya programu huria duniani, chanzo chake kimojawapo ni hasira ya printa. Kwa hiyo siku draiva ikikugomea ukatamani kuipiga ngumi, jua uko kwenye kundi la watu wenye heshima.

Ikishaunganika, kabla hujachapa chochote, ingia kwenye mipangilio uangalie saizi ya karatasi. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Kimarekani na zinafikiri unatumia karatasi inayoitwa Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Rimu uliyonunua ni A4, milimita 210 kwa 297. Usipobadilisha, mstari wa mwisho wa barua utaliwa, au printa itagoma iseme karatasi si sahihi. A4 ni mpango wa Wajerumani, waliupitisha rasmi mwaka 1922, miaka sita baada ya kufukuzwa huku kwetu. Kwa hiyo ilitupita. Waingereza walituachia karatasi yao ndefu ya ofisini, na jina lake bado tunalo mdomoni, fulskepu. Halafu A4 ikaja kuturudia baadaye, na ile fomu ya kujiunga kidato cha kwanza iliyotaka rimu nzima mzazi akaguna ni mashahidi. Kwa taarifa yako neno rimu lina asili ya Kiarabu, lilimaanisha furushi, likazunguka Ulaya ndipo likatufikia. Rimu ina karatasi 500. Karatasi moja ya kawaida ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo ile rimu uliyobeba kichwani siku ya kuripoti shule ni kilo mbili na nusu.

Chapa ukurasa wa majaribio. Ukiona mistari myeupe inapita katikati, ingia kwenye matengenezo ufanye ukaguzi wa matundu kwanza, ukiona yameziba ndipo usafishe kichwa, mara moja au mbili, si mara kumi. Kila usafishaji unakunywa wino.

Sasa hii ishike kuliko zote, hasa sisi wa huku. Printa zima kwa kitufe chake yenyewe, usizime ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kujifunika ili wino usikauke kwenye matundu. Ukizima ukutani kinabaki wazi katikati ya safari, na kwa joto la Handeni siku chache tu kinaganda. Umeme ukikatika wenyewe ghafla, ukirudi iwashe halafu izime vizuri. Ndiyo, najua, bwawa la Hale liko wilaya hiihii ya Korogwe na limekuwa likizalisha umeme tangu miaka ya 1960, na bado unakatika. Hilo tutaliongea siku nyingine, leo nina presha ya kutosha.

Skana nayo usiidharau. Maombi ya kazi za serikali siku hizi yanakwenda mtandaoni, vyeti vinatakiwa kuingizwa kama faili. Cheti chako halisi unakiskani mwenyewe, nyumbani, na hakitoki mlangoni.

Je, sasa hakuna mtu kati yako na karatasi yako? Taratibu. Kampuni itakuomba barua pepe, itakuomba ufungue akaunti, itataka ruhusa ya kukusanya taarifa za matumizi. Soma kabla ya kubonyeza, nyingi unaweza kuzikataa na printa ikachapa vilevile. Ukitumia Waifai weka nywila ya maana, maana printa iliyo wazi jirani anaweza kuituma kazi zake. Na kuna kitu kingine wengi hawakijui. Mwaka 2005 wataalamu Marekani walifichua kwamba printa nyingi za leza za rangi zinachapa vinukta vya njano vidogo sana, havionekani kwa macho ya kawaida, vyenye namba ya mashine na hata tarehe na saa. Hizo ni za leza za rangi, zile za ofisini, si hizi za tangi tunazozungumzia. Ila imekaa kaa hivi, enzi za padri ulimwona aliyekuzuia.

Kitu cha mwisho, ambacho kwenye boksi hawakuandika. Ukishafunga printa nyumbani, mtaa utajua. Sijui nani anawaambia. Kwangu siku ya tatu tu alikuja jirani, mzee wa makamo, "mwanangu, nasikia una mashine." Alikuwa na barua ya madai ya kiwanja, kurasa nne, kaitunza kwenye simu ya mjukuu wake. Nikamwambia karibu mzee, shikamoo, kaa. Nikaichapa. Alipokuwa anahesabu zile kurasa kwa kulamba kidole, nikageuza laptopu imuelekee, nikamwonesha faili lake, nikalifuta, nikafungua na pipa la takataka la kompyuta nikalifuta na humo. Akauliza, "Ndiyo limekwisha?" Nikamwambia limekwisha. Akakunja karatasi mara mbili, akaziingiza mfuko wa ndani wa koti, akaondoka.